Nyota mbili zinazowasha wingu la Jabari, na jinsi ya kuliona kutoka Mara

Kuanzia Desemba hadi Aprili, mtu aliyeko Musoma, Bunda au Butiama akitoka uani usiku usio na mbalamwezi anaweza kuona kwa macho yake mahali ambapo nyota zinazaliwa. Hahitaji darubini wala kifurushi cha intaneti. Ni doa dogo lenye ukungu, karibu na zile nyota tatu angavu zilizojipanga mstari mmoja.

Doa hilo ni wingu kubwa sana la gesi na vumbi. Wataalamu wa anga huliita nebula. Linang'aa kwa sababu ndani yake kuna nyota kubwa zenye joto kali, na iliyo kubwa kuliko zote si nyota moja bali ni mbili zinazozungukana. Jozi hiyo inaitwa Theta-1 Orionis C.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kulipata wingu hilo, jinsi watu walivyogundua kwamba nyota hiyo ni mbili, jinsi wewe mwenyewe unavyoweza kukadiria uzito wake kwa kikokotoo cha simu, na jinsi setilaiti yenye jina la Kiswahili ilivyohusika. Lakini jambo kubwa ni hili: taa inayotuonyesha kitalu hicho cha nyota ndiyo hiyo hiyo inayounguza baadhi ya miche yake.

Namna ya kulipata

Kundi la nyota tunalolizungumzia linaitwa Jabari kwa Kiswahili. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake mwenye nguvu. Wazungu huliita Orion, jina la mwindaji wa hadithi za Wagiriki wa kale.

Anza na Kilimia, lile fungu la nyota ndogo zilizobanana ambalo jina lake linatokana na kulima. Kilimia hutangulia kuchomoza upande wa mashariki. Baada ya muda unaokaribia saa mbili, Jabari hufuata. Utaitambua kwa nyota tatu zenye mwanga unaolingana, zilizokaribiana, zimenyooka kama shanga kwenye uzi. Huo ndio mkanda wa Jabari. Upande wa kaskazini wa mkanda kuna nyota yenye wekundu, Betelgeuse. Upande wa kusini kuna nyota nyeupe yenye ubluu, Rigel.

Sasa nyoosha mkono wako, weka vidole vitatu pamoja, kisha pima upana wake kutoka katikati ya mkanda kwenda upande wa kusini. Hapo utakuta nyota hafifu zilizopangana mstari mfupi, zinazoitwa upanga wa Jabari. Ile ya katikati haionekani kama nukta kali. Inaonekana kama imefunikwa na moshi. Hilo ndilo wingu lenyewe. Usipoliona vizuri, tazama pembeni yake kidogo, maana pembe ya jicho huona vitu hafifu gizani kuliko katikati ya jicho.

Kuhusu nyakati, katikati ya Desemba Jabari huchomoza mashariki jua linapozama. Mwishoni mwa Januari huwa karibu na utosi saa 4 usiku, na katika wiki ya pili ya Februari huwa hapo saa 3 usiku. Aprili hulala magharibi mapema usiku. Mwezi Juni huwezi kuiona kwa sababu iko upande mmoja na jua. Mwezi Agosti hurudi mashariki kabla ya mapambazuko.

Sisi wa Mara tuna bahati. Musoma iko nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta, na wingu hili hupita karibu kabisa juu ya vichwa vyetu. Watu wa Ulaya huliangalia likiwa chini, kupitia hewa nzito ya upeo wa macho. Wavuvi wa dagaa, ambao hutafuta usiku wa giza ili taa zao zivute samaki, wamekuwa wakifanya kazi chini ya anga linalofaa kabisa kwa jambo hili.

Nyota moja iliyogeuka kuwa mbili

Mwaka 1617 Galileo Galilei alielekeza darubini yake kwenye upanga wa Jabari, akaona nyota tatu zilizokaribiana mahali ambapo macho huona moja. Mwaka 1673 Jean Picard wa Ufaransa aliona ya nne. Nyota hizo nne zimekaa kwa umbo la trapeza, kwa hiyo zikaitwa Trapezium. Zilipewa herufi A, B, C na D. Yenye mwanga mkubwa zaidi ni C.

Kwa zaidi ya miaka 300, C ilihesabiwa kuwa nyota moja. Tatizo lilikuwa hewa yetu. Umewahi kutazama barabara ya lami saa 8 mchana ukaona vitu vya mbele vinatetemeka? Hewa hufanya hivyo hata usiku, na nyota mbili zilizokaribiana sana huungana zikawa doa moja linalochezacheza. Mwaka 1999 timu ya Gerd Weigelt ilitangaza kwamba imelishinda tatizo hilo. Walipiga picha nyingi za muda mfupi mno, kila moja ikiigandisha hewa kabla haijatikisika, kisha wakazichambua pamoja kwa kompyuta. Nyota ya pili ikajitokeza.

Ili uelewe ugumu wa kazi hiyo, fikiria taa mbili ndogo ziko Mwanza, zimeachana kwa sentimita mbili na nusu. Wewe uko Musoma, kilomita 150 hivi kwa mstari ulionyooka, na unatakiwa kusema kama taa ni moja au ni mbili. Hicho ndicho kipimo walichofikia.

Tangu hapo nyota hizo zimefuatiliwa mwaka baada ya mwaka. Imejulikana kwamba zinamaliza mzunguko mmoja kwa miaka 11 na miezi michache. Njia yao si duara kamili. Imerefuka kama yai, kwa hiyo kuna wakati zinasogeleana na wakati zinaachana mbali. Kwa wastani nafasi kati yao ni karibu mara 18 ya umbali wa Dunia hadi Jua.

Kadiria uzito wa nyota kwa simu yako

Watu hutuuliza: nyota iko mbali namna hiyo, nani ameipima kwenye mizani? Jibu ni kwamba nyota zinazozungukana zinajipima zenyewe. Kila moja inamvuta mwenzake. Zikiwa nzito zinavutana kwa nguvu na kuzunguka haraka. Zikiwa nyepesi zinazunguka polepole.

Kanuni ni rahisi. Chukua umbali kati ya nyota hizo, ukihesabu umbali wa Dunia hadi Jua kuwa 1. Uzidishe kwa wenyewe mara tatu. Chukua miaka ya mzunguko, izidishe kwa yenyewe mara mbili. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Unachopata ni uzito wa jozi nzima, ukilinganisha na Jua letu.

Tujaribu kwanza na Dunia na Jua. Umbali ni 1, miaka ni 1. Jibu ni 1, yaani uzito wa Jua moja. Kanuni inafanya kazi.

Sasa fungua kikokotoo. 18 × 18 × 18 ni 5,832. Miaka 11.3 × 11.3 ni karibu 128. Gawanya 5,832 kwa 128, utapata kama 45 na nusu. Jozi hii ina uzito wa kiasi cha Jua 45. Wataalamu kwa vipimo makini zaidi wanakadiria kubwa ina uzito wa Jua 33 hivi, na ndogo Jua 12 hivi. Hata hiyo tunayoiita ndogo ni jitu.

Joto linaloonekana kwa rangi

Mkaa ukianza kushika moto huwa mwekundu. Ukipuliziwa vizuri hugeuka njano. Moto wa fundi wa kuchomelea vyuma ni mweupe wenye ubluu, na hatuutazami bila kinga. Nyota ziko hivyo hivyo: nyekundu ni zenye joto la chini, za njano ni za wastani, na nyeupe zenye ubluu ni zenye joto kali.

Uso wa Jua una joto la nyuzi kama 5,500 za Selsiasi. Uso wa nyota kubwa katika jozi hii unakaribia nyuzi 39,000. Inatoa nishati kiasi cha mara 200,000 ya Jua. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hatuioni, kwa sababu ni miale ya urujuanimno, jamaa wa miale ya jua inayounguza ngozi. Miale hiyo ikigonga gesi ya hidrojeni iliyo wingini, gesi inawaka kama mrija wa taa ya umeme. Jozi hii ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya miale inayoliwasha wingu la Jabari.

Kwa nini basi huioni ikiangaza kama mbalamwezi? Kwa sababu iko mbali. Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8 hivi. Mwanga wa jozi hii husafiri takribani miaka 1,350. Ukitazama usiku wa leo, unaona mwanga uliotoka huko katika karne ya 7, kabla Kilwa haijawa mji wa kutajika.

Setilaiti iliyoitwa Uhuru

Hapa Afrika Mashariki inaingia kwenye habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa baharini, jirani na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya wenyeji na ya siku ile, ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo upande wa NASA, ndiye aliyeipa jina hilo.

Miale ya eksirei ni ile ya hospitali, inayopiga picha ya mfupa uliovunjika. Ile inayotoka angani haifiki chini kwa sababu hewa huizuia, na ndiyo maana chombo kilibidi kiwekwe juu. Kurusha karibu na ikweta kulisaidia kwa sababu mzunguko wa Dunia huisukuma roketi kwa nguvu zaidi hapo. Njia ya Uhuru ilifuata ukanda wa ikweta, kwa hiyo ilipita karibu na anga la Ziwa Victoria mara zaidi ya kumi kwa siku.

Kazi yake ilidumu hadi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo kilikuwa katika wingu la Jabari. Vyombo vilivyofuata, vyenye macho makali zaidi, vilionyesha kwamba mwanga mkali wa eksirei huko unatoka kwenye nyota yetu C. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Kwa nini nyota itoe eksirei? Nyota kubwa ya jozi hii ni sumaku kubwa, jambo lililothibitishwa mwaka 2002. Inapuliza upepo wa gesi kwa kasi ya kutisha. Sumaku hiyo huushika upepo unaotoka pande zake mbili, ikauelekeza katikati, na huko pande hizo mbili zinagongana. Mgongano huo huipasha gesi joto la mamilioni ya nyuzi, na gesi yenye joto hilo hutoa eksirei. Nyota hujizungusha mara moja kila baada ya siku 15 na kitu, na mwanga wake wa eksirei hupanda na kushuka kwa kipindi hicho hicho.

Kitalu chenye jua kali

Anayepanda nyanya au kabichi anajua kitalu. Mche unahitaji mwanga, lakini jua la saa 7 likiuangukia bila chandarua, unanyauka. Hali ya wingu la Jabari inafanana na hiyo.

Kuizunguka jozi hii kuna nyota changa zaidi ya 2,000. Nyingi ni ndogo, zinazokaribiana na Jua letu au zilizo chini yake, na umri wake ni miaka milioni chache tu. Nyota changa nyingi zina sahani ya gesi na vumbi iliyozizunguka. Sayari hutokana na sahani kama hizo. Dunia yetu nayo ilitokana na sahani iliyolizunguka Jua likiwa changa, miaka bilioni 4.6 iliyopita.

Katika miaka ya 1990 darubini ya angani ya Hubble ilionyesha jambo la kushangaza. Sahani zilizo karibu na Trapezium zina mkia, kama kimondo. Mkia umeelekea upande ulio mbali na nyota C. Miale yake inazichemsha sahani hizo, na gesi inatoroka. Nyota changa iliyozaliwa karibu mno na jitu hili inaweza kupoteza gesi yake kabla sayari kubwa kama Mshtarii hazijapata muda wa kujijenga. Mwaka 2024 wanasayansi waliotumia darubini ya James Webb walieleza sahani moja katika wingu hili inayopoteza gesi kwa kasi hiyo, ikipigwa na miale ya nyota kubwa.

Upepo nao una kazi yake. Mwaka 2019 watafiti waliotumia SOFIA, darubini iliyobebwa ndani ya ndege ya Boeing 747, walionyesha kwamba upepo wa nyota C umesukuma gesi mbele ya wingu ukatengeneza pomvu kubwa, upana wake zaidi ya miaka 10 ya mwendo wa mwanga. Mahali pomvu lilipofagia, gesi ya kutengenezea nyota mpya imeondolewa.

Hata hivyo si hasara tupu. Mwaka 2023, katika ile ile sahani iliyotajwa juu, Webb iliona aina ya molekuli ya kaboni na hidrojeni ambayo ni mwanzo wa kemia inayojenga vitu vya uhai. Watafiti wanaeleza kwamba miale ya urujuanimno ndiyo inayotoa nguvu ya kuiunda. Miale inayonyang'anya gesi inawasha pia jiko la kemia.

Ukubwa una gharama

Nyota ni kama taa yenye mafuta yake ndani. Koroboi huchukua mafuta kidogo na hudumu usiku kucha. Jenereta kubwa ina tangi kubwa, lakini hulimaliza upesi. Nyota kubwa ya Theta-1 Orionis C ina mafuta mara 33 ya Jua, lakini inayachoma mara 200,000 zaidi. Jua litaendelea kwa miaka mingine bilioni 5 hivi. Nyota hii itaishi miaka milioni chache tu kwa jumla.

Mwisho wake unatarajiwa kuwa mlipuko mkubwa unaoitwa supanova. Je, tutadhurika? Hapana. Kwa umbali wa miaka 1,350 ya mwendo wa mwanga, mlipuko huo utakuwa taa angavu angani na si hatari. Wala hautarajiwi kesho. Nyota hii bado ni changa.

Mfano wa jinsi nyota kubwa zinavyoweza kubadilika ghafla uko kusini mwa anga letu. Eta Carinae, jozi nyingine iliyo ndani ya wingu linalozaa nyota, iko mbali zaidi, kama miaka 7,500 ya mwendo wa mwanga. Desemba 1837, John Herschel akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, aliiona imeongezeka mwanga kupita kiasi. Mwaka 1843 ilikuwa nyota ya pili kwa mwanga katika anga lote la usiku, ikitanguliwa na Sirius tu. Kisha ikafifia. Ilitapika gesi nyingi sana, lakini haikufa.

Milipuko ya nyota kubwa ndiyo iliyosambaza vitu tunavyoviishi. Sehemu kubwa ya oksijeni, hii tunayovuta na iliyo ndani ya kila tone la maji ya ziwa, ilipikwa ndani ya nyota kubwa zilizokufa kabla Jua halijazaliwa.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Je, Jabari na Kilimia huleta mvua? Hapana. Mvua huletwa na pepo na unyevu wa bahari na ziwa. Nyota hizi huonekana majira yale yale kila mwaka, kwa hiyo wazee walizitumia kama kalenda, na ni kalenda nzuri. Lakini kalenda haileti msimu. Kabla ya kupanda, sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Je, simu inaweza kulipiga picha wingu hili? Simu nyingi zenye hali ya kupiga picha za usiku zinaweza kuonyesha doa lake, ikiwa utaiegemeza simu mahali isitikisike. Darubini ya mkononi, ile ya macho mawili, itakuonyesha wingu vizuri zaidi. Onyo moja tu: usiielekeze kamwe kwenye Jua.

Je, nitaziona nyota mbili za C zikiwa zimeachana? Hapana, hata kwa darubini ya shule. Kwa darubini ndogo utaona zile nne za Trapezium. Kuzitenganisha nyota mbili za C kunahitaji mitambo mikubwa, kama ile ya Paranal nchini Chile, ambako mwanga wa darubini nne huunganishwa ili zifanye kazi kama moja.

Mtoto anayetaka kuanza asianze na mitambo hiyo. Azime taa ya nje, asubiri dakika 20 macho yazoee giza, atafute Kilimia, kisha mkanda wa Jabari, kisha apime vidole vitatu kwenda kusini.